Cc 1000 isiyo na ABS au cc 650 yenye ABS? Naomba sababu

Tairi_Mbili

Wakuu, habari zenu.

Jambo hili liko kichwani mwangu wiki ya tatu sasa. Kila ninayemuuliza ananijibu kwa neno moja, "chukua" au "achana nayo", na nikimuuliza kwa nini, maneno yanamwishia. Natafuta mtu wa kunipa sababu.

Nimeendesha pikipiki miaka saba, zote ndogo. Niliyo nayo sasa ni ya cc 150, diski moja mbele, dramu nyuma. Sijawahi kuanguka barabarani. Siendeshi kwa fujo, na nikiona gari limeegeshwa pembeni na kuna mtu ndani, naanza kupunguza kabla mlango haujafunguka. Sasa nataka kupanda kwenye kubwa, na nimebakiwa na mbili za kuchagua. Zote zimetumika, na bei zake zinakaribiana.

Moja ni ya mwaka 2007, cc 1000, silinda nne, nguvu za farasi zaidi ya 150. Mwenyewe ameitunza kama mboni ya jicho lake. Hata boliti za chini ya injini hazina kutu. Haina ABS, ule mtambo wa kuzuia gurudumu lisifunge, yaani lisiache kuzunguka, ukibana breki. Nyingine ni ya mwaka 2018, cc 650, silinda mbili, farasi kama 70, ina ABS, ina mikwaruzo ubavuni na kiti kimechanika kidogo.

Moyo wangu uko kwa ile ya 2007, sitaficha. Nilipomwambia mwenyewe kwamba nasita kwa sababu ya ABS, alinijibu kwamba ingekuwa kitu cha maana, watengenezaji wangeiweka kwenye pikipiki ya kasi namna hii. Kwake yeye, ABS ni ya mtu asiyejua kushika breki. Rafiki yangu mmoja akaongeza kwamba ABS inarefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa inaachia breki wakati wewe unataka ikamate. Mke wangu alitusikiliza wote, kisha akaniambia, "Usilipe kabla hujampata mtu aliyewahi kuihitaji."

Basi naomba kujua. Kwa mtu anayeendesha kwa uangalifu, ABS inabadilisha nini hasa? Ni kweli inarefusha umbali? Na kama ni suala la kujua kushika breki, miaka saba hainitoshi?

MkonoMwepesi

Ndugu yangu, nina zaidi ya miaka ishirini barabarani, mingi kati ya hiyo nikiwa na pikipiki kubwa zisizo na ABS, na nipo. Breki ni mkono. Unaanza kwa kubana kidogo, uzito unakuja mbele, shoki zinazama, ndipo unabana kwa nguvu. Unarudia, unarudia, mpaka mkono unajua wenyewe. Silinda nne iliyotunzwa hivyo ni mali. Ile yenye kiti kilichochanika inakuonyesha mwenyewe aliishi nayo vipi. Mimi ningechukua iliyonikaa moyoni, halafu kila siku ya mapumziko ningekwenda mahali peupe pasipo na watu nikafanye mazoezi ya breki.

Mtulinga_wa_Kushoto

Kaka Tairi_Mbili, mkeo amekutuma kumtafuta mtu aliyewahi kuihitaji. Mimi ni mmoja wao. Niliihitaji na sikuwa nayo, na jina ninalotumia hapa ni la mfupa uliovunjika siku hiyo. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Nilikuwa na cc 600 ya silinda nne. Yote aliyosema MkonoMwepesi nilikuwa nayafanya. Kila mwezi nilikwenda kwenye uwanja mtupu wa lami, nachora mstari kwa chokaa, nakuja na kasi ya 60, nikifika mstarini nabana. Kisha nashuka na kuhesabu hatua mpaka pale tairi liliposimama. Mwanzoni zilikuwa hatua nyingi, baada ya mwaka zikapungua karibu nusu. Nilikuwa najua kushika breki. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Siku yenyewe mvua ilikuwa na dakika kumi tu tangu ianze, baada ya majuma mengi ya ukavu. Lami ya namna hiyo ni mbaya kuliko iliyonyeshewa kutwa, maana vumbi, oili na mabaki ya mpira wa matairi vinaelea juu ya maji kabla havijaoshwa. Nilikuwa kwenye 70 hivi. Gari likatoka njia ya pembeni, likaingia nusu barabara, dereva akaniona, akaganda hapo hapo. Nakumbuka mlango wa kijivu uliojaza macho yangu yote. Kubana breki sikumbuki. Kinachofuata kwenye kumbukumbu yangu ni sauti ya plastiki ikikwaruza lami karibu na sikio.

Tairi la mbele lilifunga. Alama yake pale chini haikuzidi hatua mbili, kisha ukaanza mkwaruzo wa chuma. Pikipiki iliserereka ikagonga gurudumu la gari, mimi nikatua kwa bega.

Miezi niliyokaa nyumbani nilikuwa na muda wa kufikiri. Kule uwanjani nilikuwa najua breki inakuja. Mkono niliokuwa nikiufundisha ulikuwa mkono uliotulia. Siku ile breki ilishikwa na mkono mwingine kabisa, wa mtu aliyeshtuka, na huo sikuwahi kuufundisha kwa sababu mazoezini hauji. MkonoMwepesi anasema mkono utajua wenyewe. Wangu ulijua. Ila siku ile haukuwa zamu yake.

Sasa tuje kwenye kwa nini. Tairi linashika lami kadiri linavyokandamizwa na uzito. Ukiwa unakwenda tu, mbele kuna karibu nusu ya uzito. Ukibana breki uzito unahamia mbele, na kwenye breki kali kabisa unaweza kuhamia karibu wote, mpaka gurudumu la nyuma linaanza kunyanyuka. Lakini kuhama huko kunataka muda, sehemu ndogo ya sekunde wakati shoki zinazama. Ukikamata kwa nguvu zote ndani ya muda huo, tairi halijapata bado uzito wa kulikandamiza, linafunga. La nyuma likifunga, pikipiki inayumba na mara nyingi unaweza kuiokoa. La mbele likifunga, usukani hauna kazi tena na pikipiki haiwezi kujishikilia wima. Unakuwa chini kabla hujajua.

Hapo ndipo ilipo hofu yangu na miaka yako saba. Miaka hiyo imekufundisha breki ya cc 150. Diski moja ndogo. Ukitaka isimame haraka unavuta kwa vidole vinne. Ile ya cc 1000 ina diski mbili kubwa mbele, na vidole viwili vinaweza kunyanyua gurudumu la nyuma. Mkono wako ukishtuka utafanya ulichozoea: vidole vinne, nguvu zote. Kwenye pikipiki yako ya sasa tabia hiyo inakuokoa. Kwenye ile itakuangusha. Na injini ya farasi 150 inapita kasi ya 100 ikiwa bado kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo mahali ambapo leo unafika na 50, kule utafika na 80 bila kukusudia, hasa miezi ya mwanzo. Mtu mwangalifu anaangalia wengine. Hajui bado kasi yake mwenyewe kwenye chombo kipya.

ABS yenyewe si kitu cha ajabu. Kwenye kila gurudumu kuna pete yenye matundu, na sensa inayohesabu matundu yanavyopita. Kompyuta ndogo inaangalia. Gurudumu likianza kupungua mwendo kwa ghafla kuliko pikipiki nzima inavyoweza kupungua, inajua linakaribia kufunga. Inafungua vali, presha ya mafuta ya breki inashuka, gurudumu linazunguka, presha inarudi. Hayo yanatokea mara nyingi ndani ya sekunde moja. Haiongezi breki hata kidogo kupita mshiko wa tairi lako. Kazi yake ni kuuzuia ule mkono ulioshtuka usilifunge tairi.

Kuhusu umbali, rafiki yako ana punje ya ukweli. Dereva hodari, lami kavu safi, amejiandaa, anaweza kusimama mapema kidogo kuliko ABS. Lakini piga hesabu ya watu wa kawaida. Kasi ya 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Breki inayotumia karibu mshiko wote wa tairi kwenye lami kavu inakusimamisha ndani ya mita kama 44 tangu inapokamata. Anayeogopa kufunga tairi hathubutu kuutumia wote. Tuseme anatumia theluthi mbili. Yeye atahitaji mita 66. Na pale mwenzake aliposimama, kwenye mita ya 44, yeye bado anakwenda na kasi ya 58 hivi. Kugonga kitu kwa 58. Hii ndiyo faida ya ABS ambayo hata mimi nilichelewa kuiona: hata siku ambayo haikuingilia kati kabisa, kuwepo kwake kunakupa ujasiri wa kubana sawasawa.

Ninajua ninalolisema, maana baada ya ajali niliendesha mwaka mzima na breki za woga. Nilikuwa hatari zaidi kuliko kabla ya kuanguka.

Na yule mwenye pikipiki anayesema ingekuwa ya maana wangeiweka, mwambie waliiweka. BMW waliitoa kwenye K100 mwaka 1988, ila mtambo wenyewe ulizidi kilo kumi, na pikipiki za mbio hazitaki kubeba hivyo. Honda waliileta kwenye CBR600RR na CBR1000RR za mwaka 2009. Mwaka huo huo Bosch, kampuni ya vipuri, walitoa mtambo uliotengenezwa mahsusi kwa pikipiki, uzito wake takriban kilo 0.7. Kwa hiyo pikipiki ya kasi ya 2007 haina ABS kwa sababu ilizaliwa miaka miwili kabla. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa lazima kwa miundo mipya ya zaidi ya cc 125 kuanzia 2016, na kwa pikipiki zote mpya za ukubwa huo kuanzia 2017. Marekani sheria haiwalazimishi, lakini taasisi ya IIHS, ambayo inagharamiwa na kampuni za bima, ililinganisha pikipiki za modeli zile zile zenye ABS na zisizo nayo, ikakuta zenye ABS zina kiwango cha ajali za vifo kilicho pungufu kwa asilimia 22. Hao ni waendeshaji wa kila aina, hodari na wasio hodari.

Pikipiki yangu ya sasa inayo. Miaka minne imenifanyia kazi mara mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya mistari myeupe ya kivuko, imelowa, mtu akarudi nyuma ghafla. Nilisikia kishikio kinatetemeka vidoleni, pikipiki ikasimama wima. Nilisogea pembeni, nikazima injini, nikalia. Bega lilikuwa linauma ingawa halikuguswa na chochote.

Fundi_Pedi

Dada Mtulinga, pole sana, na asante kwa kuandika. Mimi nitaongea ya karakana.

Mkuu, kiti kilichochanika kisikutishe, kiti kinashonwa siku moja. Kinachotisha kwenye pikipiki yenye ABS iliyotumika ni mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu itoke kiwandani. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155. Hiyo ni kwa breki yoyote. Kwenye ABS kuna la ziada: unyevu ule ule unakula vali ndogo ndogo ndani ya mtambo, na mtambo ukiliwa kwa kawaida haufunguliwi kutengenezwa, unabadilishwa mzima, na hapo utaumia. Dawa yake ni kubadilisha mafuta kila miaka miwili. Watu hawafanyi kwa sababu breki "bado inashika". Kwenye baadhi ya modeli lazima kompyuta ya ufundi iunganishwe ili vali zifunguke hewa itoke, kwa hiyo muulize fundi wako kama anacho kifaa hicho kabla hujampa kazi.

Ukienda kuiona, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake. Kwenye nyingi inabaki imewaka mpaka uanze kutembea, kisha inazima ukishafika mwendo mdogo tu. Isipowaka kabisa, ondoka au dai maelezo, maana nimekuta taa zilizozibwa kwa makusudi ili mnunuzi asione kasoro. Ikiwaka isizime, inaweza kuwa betri dhaifu, waya wa sensa umekatika, pete imepinda wakati wa kubadilisha tairi, au mtambo wenyewe umekufa. Ya kwanza ni rahisi, ya mwisho ni msiba. Habari njema ni kwamba ABS ikijizima, kwenye pikipiki kama hiyo unabaki na breki za kawaida, hukosi breki.

Kisha ijaribu. Lami kavu, iliyonyooka, hakuna mtu nyuma, mwendo wa 30 mpaka 40, kanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu. Pedali ipige chini ya mguu, na tairi lisiburuze mstari mrefu mweusi. Usianze na ya mbele kwenye pikipiki usiyoijua.

Angalia na tarehe za matairi ya zote mbili. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Pikipiki inayotunzwa sana na kutembezwa kidogo mara nyingi ina matairi yanayong'aa, mifereji yote ipo, lakini mpira umeshakuwa mgumu kama mbao. Mpira wa hivyo unafunga mapema, iwe na ABS au isiwe nayo. Ile ya 2007, kama bado ina mipira ya kupitisha mafuta ya breki ya kiwandani, ihesabie nayo kubadilishwa.

Vumbi_na_Kona

Naunga mkono ABS, ila Tairi_Mbili asiondoke hapa akidhani amenunua kinga ya kila kitu.

Kwenye changarawe au mchanga rafiki yako yuko sahihi kabisa. Tairi lililofunga kwenye changarawe linakusanya kilima kidogo mbele yake na kilima hicho kinasaidia kusimamisha. ABS inalikatalia tairi kufunga, kwa hiyo unasonga zaidi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za safari ngumu zina kitufe cha kuizima kwenye gurudumu la nyuma. Hata kwenye lami yenye mawimbi utasikia kishikio kinalegea kidogo gurudumu linaporuka. Mara ya kwanza inatia hofu.

La pili ni kona. Mshiko wa tairi ni mmoja, unagawanywa kati ya kukata kona na kusimama. Ukiwa umelala, sehemu kubwa imeshatumika. ABS ya kawaida haijui kama pikipiki imelala. Inasubiri gurudumu lianze kuteleza, na ukiwa umelala sana, kuteleza kidogo tu kunatosha kukuangusha. Zipo zinazopima mlalo na kupunguza presha mapema. Bosch na watengeneza pikipiki KTM walianza kuileta hiyo mwaka 2013 kwenye pikipiki ya 1190 Adventure. Ya cc 650 ya 2018 usitegemee kuwa nayo. Maliza breki kabla ya kuingia kona, kama ulivyofanya siku zote.

Na ukishusha gia haraka mno, injini yenyewe inaweza kulifunga gurudumu la nyuma. ABS ya kawaida haina mamlaka hapo, kwa sababu si breki iliyolifunga.

Tairi_Mbili

Nimerudi, wakuu. Siku tisa zimepita na nimesoma majibu haya mara nyingi, la dada Mtulinga nimemsomea mke wangu kwa sauti. Pole sana, dada.

Nataka kusimulia kitu. Juzi jioni, nikiwa kwenye hii hii ya cc 150, mwendo wa 40, mpira wa watoto ulitoka kwenye uzio ukapita mbele yangu, na mtoto nyuma yake. Nilisimama mbali kabisa na mtoto, hakuna kilichotokea. Lakini baada ya kusimama niliangalia mkono wangu. Vidole vyote vinne vilikuwa vimebana mpaka vimekuwa vyeupe, na sikumbuki kuviamuru. Shoki za mbele zilikuwa bado zimezama. Nilikaa pale juu ya pikipiki nikiangalia vidole vile mpaka mtoto akachukua mpira wake akaondoka. Miaka saba sijawahi kuviangalia.

Kesho yake nikaenda kuiona ile ya 650. Taa iliwaka, ikazima nilipotembea kidogo. Nikafanya kama Fundi_Pedi alivyosema, breki ya nyuma kwenye 35: pedali ilipiga chini ya mguu, alama nyeusi hakuna. Mafuta ya breki kwenye kikopo cha mbele ni ya kahawia iliyokolea, na mwenyewe amekiri hajawahi kuyabadilisha tangu aichukue, ana miaka mitatu nayo. Matairi ni ya 2021. Nimelipa sehemu. Fundi wangu anacho kifaa cha kufungua vali, anabadilisha mafuta mbele na nyuma kabla sijaitoa.

Ile ya 2007 nilikwenda kuiaga, kwa heshima tu. Nilimwambia mwenyewe ukweli kwamba ni pikipiki nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuisogelea, na kwamba sina mkono wa kuiendesha. Hakuniudhi. Aliniwashia nisikie mara ya mwisho.

MkonoMwepesi

Nimesoma yote. Mimi nilianguka mara mbili katika miaka hiyo ishirini kwa tairi la mbele, moja kwenye oili, moja sikuwahi kujua ni nini. Sikuliandika mwanzoni kwa sababu nilikuwa nimeshajizoeza kuliita kosa langu. Dada Mtulinga, lile la zamu ya mkono limenikaa. Tairi_Mbili, mazoezi ya breki usiyaache hata ukiwa na ABS. Umefanya vizuri.

Tairi_Mbili

Asante, mzee wangu. Sitayaacha.

Swali la mwisho kwa dada Mtulinga. Naichukua Jumamosi. Ile breki ya mbele, siku itakapofanya kazi, kishikio kinatetemeka kiasi gani? Naogopa nisije nikadhani kuna kitu kimevunjika.

Mtulinga_wa_Kushoto

Kama kupitisha kidole juu ya meno ya kitana, kwa haraka. Kwenye nyingine ni zaidi ya hapo, kishikio kinakusukuma vidole kabisa, na kuna sauti ya kugonga kutoka chini ya tangi. Akili yako itakuambia uachie. Wengi huachia hapo hapo, na mita walizokuwa wameokoa zinapotea. Wewe endelea kubana, macho mbele kule unakotaka kwenda, klachi ndani, mpaka magurudumu yasimame.

Wiki ya kwanza tumia vidole viwili tu. Vingine viwili viache vishike usukani.